Kukulia nyumba ya kupanga Kariakoo: raha ilikuwepo, ila ilikuwa na zamu

Kila aliyekulia uswahilini anayo ile hadithi ya "zamani tuliishi kama ndugu", na mi sikatai. Nimekulia Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na banda la uani, mitaa ya nyuma ya Msimbazi, tangu nazaliwa katikati ya miaka ya sabini mpaka tunatolewa 1993. Ila nimekuja kupanga mwenyewe nikiwa na watoto, alafu sahivi nina vyumba vitatu napangisha huku Chamazi, ndo nikaelewa kwamba ule udugu haukuota kama majani. Kuna mtu alikuwa anausimamia, na kuna watu walikuwa wanaamka usiku kuufanyia kazi. Naandika kwa wanaotafuta chumba sasa hivi au wanaolea watoto kwenye korido moja na familia nyingine tano, maana naona watu wanaingia kichwa kichwa wakidhani majirani wakiwa wema basi yameisha.

Kwa mliokulia ndani ya geti niwachoree kidogo. Mbele kibaraza, unaingia mlango mkubwa unakutana na korido ndefu, vyumba vitatu huku na vitatu huku vinatazamana, mwisho wa korido unatokea uani, huko ndo kuna jiko, bafu, choo, stoo ya mkaa na banda la vyumba viwili. Juu bati tupu hakuna silingi bodi, na kuta za kati hazifiki kwenye bati, kwahiyo chumba chako ni chako kwa macho tu, kwa masikio ni cha nyumba nzima. Mtu akikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha sita anampa pole asubuhi. Sisi tulikuwa saba kwenye vyumba viwili, baba na mama na mdogo kimoja, sisi wasichana na makorokoro yote kingine, kaka zangu walilala koridoni kwenye mkeka na godoro la sufi, wakichelewa kuamka wanarukwa na watu wanaokwenda kuoga.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mjane, sisi wote tulimwita Bibi, anaishi humo humo chumba cha mbele kulia, dirisha lake linatazama barabarani na mlango unatazama korido, hakuna anayeingia wala kutoka asimuone. Wapangaji wengine tuliwajua kwa kazi zao. Mama Vitumbua, Anko Saa ambaye alikuwa anatengeneza saa kwenye kimeza pale kibarazani, Sista aliyekuwa muuguzi, na familia ya mzee mmoja wa bandarini yenye watoto kama sisi. Waislamu wengi, Wakristo nyumba mbili, na Krismasi kuku wa Sista alichinjwa na mzee wa bandarini ili pilau likitoka liende milango yote bila mtu kuuliza. Ramadhani futari ilikuwa inapishana koridoni mpaka unakuta muhogo wa nazi wa mama yako umerudi kwenu kwa sahani ya mtu mwingine. Iddi tunavalishwa tunapelekwa Mnazi Mmoja kwenye bembea, na sarafu tulizopewa milango yote zinaishia huko kwenye ubuyu na ice cream.

Siku ya Simba na Yanga nyumba ilikuwa inapasuka. Sisi tulikuwa katikati, huku klabu ya Simba Msimbazi, kule Yanga Twiga na Jangwani, ukitoka nje unaokota furaha ya upande wowote. Redio ilikuwa ya Bibi, Redio Tanzania, anaiweka dirishani watu wanajaa kibarazani, na kipindi cha Mama na Mwana kikianza sisi watoto tunakaa chini tunanyamaza kama tumemwagiwa maji. Kwenye redio hiyo hiyo ndo tulisikia Mwalimu Nyerere anatangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984, nakumbuka Mama Vitumbua alikaa chini kwenye sakafu hapo hapo alipokuwa.

Na mwaka mmoja kabla, 1983, ile vita ya wahujumu uchumi, serikali inasaka walioficha bidhaa, ndo niliona watu wazima wanaogopa. Vitu havikuwepo madukani, sukari foleni, sabuni foleni, unga wenyewe ni ule wa njano tuliouita unga wa Yanga, alafu ghafla asubuhi mnakuta mitaroni kuna marobota ya khanga na sabuni watu wametupa usiku wasikamatwe nazo. Watoto tukakatazwa kugusa. Mwaka huo huo ikaja Nguvukazi, asiye na kazi inayoeleweka anakusanywa arudishwe kijijini, Anko Saa akawa hatoi kimeza nje, Bibi akamwambia atie saa mbili tatu mfukoni na kila akiulizwa aseme yeye ni mjukuu wake. Nadhani ndo maana alimheshimu Bibi mpaka anakufa.

Hizo ndo kumbukumbu ambazo kaka yangu huwa anazisimulia kila tukikutana msibani au harusini, na anazisimulia vizuri kuliko mimi. Anachoacha ni jinsi nyumba ilivyokuwa inaendeshwa, kwa sababu yeye hakuiendesha.

Mlangoni kwa kutokea uani Bibi alining'iniza kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa, kila chumba na siku zake. Zamu yako unapiga deki korido, unafagia uani, unaosha choo na bafu kwa jivu na sabuni, unamwaga taka. Aliyesafiri anatafuta wa kumshikia. Bafuni asubuhi wanatangulia wanaowahi kazini, kisha wanafunzi, kisha wengine. Mgeni akilala zaidi ya siku tatu anatajwa kwa Bibi na anahesabiwa kwenye maji. Redio mwisho saa nne usiku. Mtu hadaiwi deni koridoni, mkidaiana mnaenda kibarazani baada ya Isha, wote wawili mnakaa mkeka mmoja na Bibi katikati, na aliyepaza sauti kwanza anapoteza kesi hata kama ana haki. Bili ya umeme ikija haigawanywi kwa vyumba, inagawanywa kwa vichwa, mtoto nusu kichwa. Pasi ya umeme ni marufuku, ya mkaa ipo.

Sisi tulimuona katili. Sasa hivi naona yule bibi asiyejua kusoma, maana boksi aliandikiwa na Sista, alikuwa na akili kuliko wenye nyumba wengi niliokutana nao baadae wenye digrii.

Alafu sasa zamu imeandikwa kwa chumba, ila ndani ya chumba nani anaifanya? Mama, mimi na dada yangu. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka usiku, saa nane saa tisa, presha ikiwa ndogo mnakaa mnasubiri ndoo moja ijae huku mnasinzia, wakinamama wa nyumba nzima uani na vibatari, wanaongea kwa kunong'ona. Pipa likijaa ndo unarudi kulala, saa kumi na moja unaamshwa kama ni zamu yetu, deki korido kabla watu hawajaanza kupita, alafu shule. Jioni natumwa sokoni, lile soko kubwa, mida ya kufunga, kule chini shimoni nyanya zilizoanza kulainika zinauzwa kwa fungu kubwa. Kaka zangu mida hiyo wako chandimu. Nilikuwa nafeli hesabu na mwalimu anasema nasinzia, ni kweli nilikuwa nasinzia.

Ukisikia mtu anasema zamani nyumba za kupanga zilikuwa safi, muulize alikuwa analala wapi na anaamka saa ngapi.

Na hata udugu wenyewe ulikuwa na mipaka. Nyama ilikuwa inapungua sufuriani, kila mtu anajua na hakuna anayesema, ndo maana wakinamama hawaondoki jikoni, na mama mmoja alikuwa anavifunga vipande vya nyama kwa uzi mmoja mrefu ili akivuta avihesabu vyote. Tulicheka sana. Nilipopanga mwenyewe nikanunua sufuria yenye mfuniko wa kubana, sikucheka tena.

Lililonikaa vibaya ni la chumba cha nne. Yule mume alikuwa anampiga mkewe, na kwa zile kuta unasikia kila kitu, unasikia mpaka anavyojizuia kulia ili watoto wasiamke. Nyumba nzima macho yako wazi gizani, na hakuna anayeamka, ni mambo ya ndani. Bibi peke yake alikuwa anagonga ukuta na bakora yake, ngo ngo ngo, yule bwana ananyamaza usiku huo. Kesho yake asubuhi wote tunamsalimia yule mama kama hatujasikia. Hii hakuna anayeisimulia harusini. Mama yangu alikuja kuniambia uzeeni kwake kwamba yule mama wa chumba cha nne alikuwa akimsubiri mtu mmoja tu afungue mlango. Kama unaishi nyumba ya hivyo leo na unasikia, fungua mlango, washa taa, ita jina la mtoto wake, uliza chumvi, chochote. Alafu siku hizi kuna madawati ya jinsia polisi na kuna mwenyekiti wa mtaa, msingoje mpaka kuwe na bibi mwenye bakora.

Mwishoni mwa miaka ya themanini ukaja na ule ugonjwa, UKIMWI. Anko Saa akaanza kukonda, akawa hawezi kukaa kwenye kimeza chake. Hakuna aliyeutaja. Kikombe chake kikatengwa, watoto tukaambiwa tusikae kigoda chake, wapangaji wawili wakaenda kwa Bibi kuomba atolewe. Bibi akawajibu wanaoogopa wao ndo wahame, kodi yao atawarudishia. Hawakuhama. Sista ndo alimuogesha mpaka mwisho, na zamu ya chumba chake tuligawana, na kwa hilo hakuna aliyelalamika, hata wale wawili. Kwahiyo sisemi watu hawakuwa na utu, utu ulikuwepo, ila nao ulihitaji mtu wa kuuanzisha.

Bibi alifariki 1991 na hapo ndo kuna somo lililotugharimu pesa. Miaka yote kodi ilikuwa inalipwa mkononi kwake, anamuita Sista anaandika kwenye daftari, basi, risiti hakuna na hakuna aliyewahi kuidai, utamdaije Bibi risiti. Alipokufa daftari halikuonekana. Wakaja watoto wa marehemu mumewe, wa mke mkubwa na wa mke mdogo, kila upande unasema nyumba yao. Baba akalipa kwa upande mmoja, miezi miwili baadae upande wa pili unakuja kudai kodi ile ile na kusema tunadaiwa, na kwa kuwa hatuna karatasi tukalipa tena. Wakati huo huo kiwandani kwa baba wanapunguza watu. Nakumbuka mama aliuza cherehani.

Walipoelewana wenyewe kwa wenyewe ikawa ni kuuza. Tukapewa mwezi mmoja, balozi wa nyumba kumi akaingilia ikawa mitatu. Kiwanja kikazungushiwa mabati kikakaa hivyo miaka, leo ni ghorofa, chini maduka ya vitenge na mabegi, nikipita sioni hata pa kukisia jiko lilikuwa wapi.

Kwahiyo nawaambia wapangaji, mwenye nyumba akifariki usilipe kodi kwa anayekuja kulia zaidi. Uliza nani ni msimamizi wa mirathi, aonyeshe karatasi ya mahakama, mara nyingi ni ya mahakama ya mwanzo, piga picha hiyo karatasi, na ukimlipa lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu, hata kama ni mtu mliyekula naye futari miaka. Kama mirathi bado haijafunguliwa nenda ofisi ya serikali ya mtaa useme mbele ya mwenyekiti kwamba kodi ipo na unasubiri wa kumlipa, waandike. Ukiwa kimya unaonekana unakwepa. Na nyumba ya mjini yenye warithi wengi anza kuiaga mapema, weka akiba ya kuhamia, maana itauzwa tu.

Tukahamia Manzese, bondeni. Nyumba ramani ile ile, vyumba sita, korido, uani. Mwenye nyumba anaishi kwingine, anakuja kuchukua kodi tu. Mama yangu wiki ya kwanza akatafuta boksi, akaandika zamu, akaning'iniza. Kesho yake limechanwa. Akaulizwa kwani we nani. Na hawa hawakuwa watu wabaya, mmoja wao alitukopesha unga tulipofika, ila hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema leo ni zamu yako, kwahiyo choo kikawa cha aliyekinai kwanza, na aliyekuwa anakinai kwanza kila siku ni mama. Masika ndo balaa, watu wanasubiri mvua kubwa usiku wanatapisha vyoo, asubuhi maji yanapita mlangoni na kila kitu ndani yake. Zile mvua za El Niño, 1997 kwenda 98, mdogo wangu aliharisha mpaka tukakata tamaa. Hapo nikajua Kariakoo tulikuwa tunakula matunda ya bakora ya mtu.

Nilipoolewa tukapanga Buguruni, kisha Tabata, na hapa nitoe niliyojifunza bila mpangilio maana yanakuja kama yanavyokuja.

Dalali atakupeleka kuona chumba saa nne asubuhi, nyumba imetulia, unaona pazuri. Saa nne watu wote hawapo! Rudi peke yako saa moja jioni, uone moshi wa majiko unaenda wapi, uone foleni ya bafuni, usikie redio ngapi zinaimba. Na usianze kuangalia chumba, anza na choo, chumba utakipaka rangi choo hutakibadilisha. Kisha ongea na mtoto yeyote wa pale uani, muulize nani anaosha huku, mtoto hadanganyi, akijibu "mama" uliza mama wa chumba gani, kama nyumba nzima anatajwa mama mmoja jua unakwenda kuwa wa pili.

Pesa. Kile chumba cha Tabata kilikuwa 60,000 kwa mwezi, wanataka miezi sita, hiyo ni 360,000, dalali naye mwezi mmoja, jumla 420,000 hata kitanda hujaingiza. Watu wanajikamua wanatoa yote wanaingia hawana hata ya ndoo. Omba miezi mitatu, wengi wanakataa ila wapo wanaokubali hasa chumba kikiwa kimekaa wazi muda. Mkataba uandikwe, jina kamili la mwenye nyumba na wa kumpigia akiwa hayupo, na iandikwe nani anatoa maji machafu choo kikijaa, hili watu wanaliona dogo mpaka siku gari la kunyonya limefika na kila mlango umefungwa.

Umeme ndo unaovunja nyumba nyingi siku hizi. Mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla, vyumba sita, mmoja ana friji, mwingine taa tu na simu, alafu mnachanga sawa. Pale Tabata tulifikia watu kukaa gizani wakivizia nani atanunua kwanza, mpaka mwenye mtoto mchanga ndo anashindwa ananunua. Ongeeni siku ya kwanza kabla hamjazoeana, mkishazoeana mnaoneana haya na haya inageuka chuki. Hesabu ya Bibi ya vichwa haifai sana kwa umeme wa sasa maana friji halina kichwa, ila kwa maji bado ni ya haki kuliko zote.

Na wenye mabinti. Mama yangu alikuwa na amri moja isiyojadiliwa, hatutumwi ndani ya chumba cha mwanaume, hata kupeleka sahani, unaita mlangoni anatoka. Hata kwa Anko Saa aliyetupenda kama watoto wake. Tuliona ni dharau kwa majirani. Nimeiendeleza kwa wanangu vile vile na sikumuomba mtu radhi. Na wavulana wangu wamepiga deki korido, wamechekwa, wamezoea.

Haya, Chamazi. Nilipomaliza vile vyumba mume wangu alitaka tuweke wapangaji tukae mbali nao, upande wa pili wa ukuta, nikakataa, mlango wangu unatazama uani. Zamu ipo kwenye karatasi nimeilaminisha. Kuna kijana mmoja wa bodaboda tangu aingie haoshi choo, anasema yeye anatoka alfajiri anarudi usiku na analipa kodi kama wengine, na mama mwenye nyumba unatubana sana. Nikamwambia sawa, zamu yako inauzwa, 2,000, ukiwa nayo mpe mama wa chumba cha kati akufanyie, asipotaka nitafanya mimi uniletee mimi. Mwezi wa kwanza alinuna. Sasa hivi analeta kabla sijadai, na nimeshaiosha zamu yake mara kadhaa na hela nimekula. Kinachonisumbua imebaki LUKU, fundi kaniambia niweke mita ndogo ya kila chumba ndani ya ile kubwa ili kila mtu alipe anachotumia, najikusanya, mwezi wa kumi panapo majaliwa nitakuwa nazo zote tatu.